Dawa ya maji ya kuoshea injini: nilivyoitumia uani kwangu kwenye Corolla 110

Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama masizi ya chungu. Cha pili vilevile. Nilipofika cha tano ndipo herufi za TOYOTA zikaanza kujitokeza juu ya kava la tapeti, yaani kifuniko cha juu cha injini, na nikasimama kuziangalia, maana gari hili nimekaa nalo miaka sita na sikuwahi kuziona.

Ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, ile ya sentimita za ujazo 1,500. Aliiacha marehemu baba, aliyeifanyia teksi hapa Tanga mjini. Mimi naiendesha kwa biashara ya machungwa: alfajiri naenda Muheza, nashindilia magunia nyuma na kwenye buti, narudi Makorora kabla jua halijawa kali. Njia za mashambani kule ni vumbi jekundu, na vumbi jekundu likikutana na oili inayovuja linageuka uji mzito unaoganda kila pahala. Injini yangu ilikuwa imevaa uji huo kuanzia kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, hadi chini kwenye gia boksi.

Lakini sikuiosha kwa ajili ya urembo. Miezi miwili iliyopita niliipeleka gereji kwa sababu ya harufu ya oili inayoungua. Fundi wa pale alifunua boneti, akatazama kama dakika moja, akaniambia sirinda hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwisha, niandae shilingi 350,000. Nikamuuliza ameonaje. Akanionesha ule uji mweusi. Nikaondoka. Injini iliyopakaa oili mwili mzima haiwezi kukwambia inavujia wapi, na mimi siwezi kutoa faida ya machungwa ya miezi kadhaa kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho. Nikaamua kwanza ioshwe, halafu tuangalie.

Swali likawa ioshwe na nani. Mwaka jana nilishawahi kuipeleka kwa waosha magari, nikalipia na injini. Kijana alishika mashine ya presha, akaielekeza kwenye injini iliyokuwa bado ya moto, mvuke ukapanda, akamaliza kwa dakika tano. Ilitoka inang'aa. Nilipofika Ngamiani, kabla sijavuka barabara ya kumi na mbili, gari likaanza kumisi, likakohoa, likazima katikati ya bajaji na baiskeli. Maji yalikuwa yameingia kwenye distribyuta na kwenye mashimo ya plagi. Nilivutwa hadi nyumbani na siku hiyo machungwa yangu yalilala. Sina kinyongo na kijana yule, ndivyo alivyofundishwa. Ila mashine ile inarusha maji kwa nguvu ya kung'oa rangi ukutani, na chini ya boneti kuna soketi za umeme zilizotengenezwa kuvumilia maji ya kurushwa na tairi, si maji ya kupigwa namna ile.

Njia nyingine inayojulikana gereji zote ni petroli kwenye kopo na brashi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la Tanga. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi kwenda zake. Unashuka, unatambaa chini, unatafuta jiko la mkaa la jirani au cheche ya betri. Uani kwangu tunapika wapangaji watatu. Mafuta ya taa hayawaki upesi kama petroli, lakini nayo yanawaka, yanaacha utelezi unaokamata vumbi upya, na mipira ya injini ikizoea kuoshwa nayo inavimba na kulegea. Sitaki yoyote kati ya hayo karibu na watoto.

Basi nikabaki na dawa hizi za kuondoa grisi. Ziko za aina mbili, na muuzaji wa spea mara nyingi hatakwambia tofauti usipouliza. Kuna zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli, ambazo lebo yake ina alama ya moto na harufu yake inakupanda kichwani. Na kuna za maji, ambazo hazina alama hiyo. Njia yangu ya kupima dukani ni kuomba glasi ya maji nitone kidogo: ya maji inayeyuka palepale na maji yanabaki maangavu au na rangi ya dawa yenyewe, ile ya mafuta inageuka nyeupe kama tui. Niliyonunua mimi ni ya maji. Sitaji kampuni, kwa sababu madukani ziko nyingi za namna hii na ninayoyasema hapa yanahusu aina, si chapa.

Duka la kwanza nililokwenda walitaka kunipimia kutoka kwenye dumu kubwa, wakanitilia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Dawa yenyewe ilikuwa ya kijani, nzuri kuitazama, kama soda. Niliikataa na nikamwambia muuzaji kwa nini. Dawa hii ni kali, iko upande mmoja na magadi makali ya kutengenezea sabuni. Ukiigusa inateleza vidoleni kwa sababu inaanza kula mafuta ya ngozi. Mtoto akirudi shule na kiu, akaikuta dirishani kwenye chupa anayoijua ni ya maji, atainywa. Kama wewe ni muuza spea na unasoma hapa, tafadhali acha kabisa jambo hili. Duka la pili walikuwa na ya lita moja, imefungwa, ina lebo inayosomeka. Hiyo ndiyo niliyoinunua, kwa shilingi 9,000.

Sasa kazi yenyewe. Niliifanya Jumapili, saa moja asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Injini lazima iwe imepoa. Ukiweka kiganja juu ya tapeti kava na usiweze kukiacha hapo, bado. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinajikunja ghafla, na paipu ya ekzosi inaweza kupasuka. Halafu dawa ikitua kwenye moto inakauka kabla haijafanya kazi, inaacha madoa. Lebo ilisema injini ivuguvugu. Mimi niliitumia baridi kabisa na ilifanya kazi, isipokuwa ilihitaji kuachwa kidogo zaidi.

Nilianza na betri: spana namba 10, nikatoa waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unapata cheche kubwa. Ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vya betri niliuondoa kwa magadi soda ya kupikia niliyoikoroga na maji. Inatoa povu ikikutana na asidi, na povu likiisha ujue imemaliza.

Baada ya hapo ni kufunika. Zamani tungetumia rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku na kwangu hakuna hata mmoja, kwa hiyo nilitumia mifuko ya mkate niliyoiweka wiki nzima pamoja na mpira wa tyubu ya baiskeli nilioukata mikanda. Nilifunika distribyuta, oltaneta inayochaji betri, fyuzi boksi, mdomo wa eakilina (chujio la hewa), betri yenyewe, koili, na soketi moja kubwa ya nyaya iliyo pembeni. Vifuniko saba. Niliviandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha mbele, maana mfuko mmoja ukisahaulika kwenye mdomo wa hewa gari haliwaki, na ukisahaulika karibu na mkanda au ekzosi ni moto. Kifuniko cha oili na dipstiki nilihakikisha vimekaza. Rejeta sikuigusa kifuniko, na hakuna sababu ya kuigusa.

Chini ya gari nilitandaza mchanga na maranda ya seremala, sinia mbili za mabati juu yake. Mtaro wa mtaani kwetu unaishia baharini, na pale kuna watu wanaovua kila siku. Oili niliyoiosha sitaki iwafikie wao. Maranda yanainywa vizuri sana. Baadaye niliyazoa kwenye gunia na kumpelekea fundi anayeweka oili chafu kwenye pipa lake.

Nikavaa glavu za mpira na miwani. Miwani si mapambo. Brashi ikiruka inarusha matone, na dawa hii jichoni inahitaji kuoshwa kwa maji mengi ya bomba na kukimbilia hospitali.

Kupulizia nilitumia chupa ya saluni, ile ya kulowanishia nywele, ambayo sasa haitarudi tena kwenye nywele za mtu na nimeichora fuvu kwa kalamu ya wino. Nilichanganya kipimo kimoja cha dawa kwa vinne vya maji, kama lebo ilivyosema kwa uchafu wa kawaida. Hapa nilijifunza jambo: kuanzia chini kupanda juu ni bora kuliko kuanzia juu. Ukianza juu, dawa inateremka juu ya uchafu mkavu na kuchora michirizi ambayo hubaki. Nilipuliza eneo dogo, ukubwa wa sahani, nikasubiri dakika tatu hivi, nikapiga mswaki, nikafuta kwa kitambaa chenye maji, nikasogea. Sikuiacha ikauke hata mara moja. Nilipomaliza ubavu wa mbele ilikuwa saa tatu na jua limeshafika uani, nikalazimika kutundika kanga kwenye boneti kama pazia.

Kwenye uchafu mlaini, ule wa oili na vumbi, dawa hii sina neno la kuilaumu. Unaona uji unabadilika: kwanza unang'aa, kisha unalegea kingo, kisha unaanza kuteremka wenyewe kama mafuta ya samli kwenye kikaango. Karibu na mkono wa distribyuta palikuwa na tabaka nene kama unene wa chapati. Nililikwangua kwanza kwa kijiti cha mti, si bisibisi, kwa sababu chuma kinakwaruza na kinaweza kutoboa waya. Halafu nikapuliza, nikapiga mswaki kwa kuzungusha polepole, na pale chini pakatokea bolti mbili ambazo sikujua kama zipo, na mstari mwembamba ambapo distribyuta inakutana na injini. Mstari ule ulikuwa na unyevu. Niliukausha kwa ncha ya kitambaa, nikautazama. Baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai ulikuwa umelowa tena. Nikaweka akili yangu hapo.

Udhaifu wake ni huu. Oili iliyoungua ikawa gamba upande wa ekzosi haikutoka. Nilijaribu mara tatu, mara ya tatu kwa dawa isiyochanganywa, na gamba lilibaki. Kwa uchafu huo itabidi fundi afungue kitu na kukikwangua mezani. Pili, inakula mng'ao wa alumini. Kuna sehemu ya kava la pembeni niliiacha kama dakika kumi kwa sababu mtoto aliniita, nikarudi nikakuta pamefifia, pamekuwa peupe kama chokaa, na doa hilo halitoki. Haliharibu kazi ya injini, lakini lingeniuma kama gari lingekuwa jipya. Tatu, lebo ilikuwa na maelezo ya Kiingereza na lugha nyingine nisiyoitambua, Kiswahili hapana. Bidhaa kali kama hii inayouzwa Tanga inapaswa kumwambia mnunuzi kwa lugha yake kwamba avae glavu.

Kusuuza sikutumia mpira wa maji. Nilitoboa kifuniko cha chupa matundu madogo, nikawa namimina kama mtu anayemwagilia mchicha, kidogo kidogo, kitambaa kikifuata nyuma. Maji yote niliyotumia ni ndoo mbili. Watu wanadhani injini inahitaji maji mengi. Inahitaji mswaki mwingi.

Halafu kukausha, na hapa ndipo haraka inapowaponza wengi. Nilivua mifuko nikiisoma karatasi yangu, saba kwa saba. Nikazichomoa waya za plagi moja moja, nikishika kichwa chake cha mpira na si waya, na kabla ya kuzichomoa nilizifunga nyuzi za rangi ili zirudi kwa mpangilio wake. Shimo la tatu lilikuwa na maji kidogo. Nikayatoa kwa pampu ya baiskeli: unaingiza mdomo wa pampu shimoni, unapiga mara kumi, maji yanaruka nje. Nikafungua kofia ya distribyuta, nikafuta ndani kwa kitambaa kikavu cha pamba, nikairudisha. Kisha nikaacha boneti wazi juani hadi saa nane. Betri niliifunga mwisho, chanya kwanza, hasi mwisho.

Liliwaka mara ya kwanza. Liliunguruma sawasawa, halikumisi. Nililiacha likiwaka robo saa nikiwa nimesimama palepale, kwa kuwa unyevu uliobaki karibu na ekzosi hutoa moshi mweupe kidogo, na nilitaka kuuona ukiisha. Uliisha.

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo nilifundishwa na mzee fundi anayeishi nyumba ya nne kutoka kwangu, aliyewahi kufanya kazi na baba. Nilichukua poda ya mtoto nikaipaka kwa brashi ya rangi kuzunguka tapeti kava yote, na pale ambapo sirinda hedi inakutana na bloku, na kwenye ule mstari wa distribyuta. Nikaenda Muheza na kurudi. Poda ni nyeupe. Oili ikiigusa inaweka doa la kahawia, na doa haliongopi. Niliporudi nikamwita.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Baba yako angefurahi kuiona hivi."

Tukainama pamoja. Mstari wa hedi gasketi: mweupe, mkavu, kutoka mwisho hadi mwisho. Tapeti kava: doa dogo pembeni, la kulikaza tu. Distribyuta: poda yote ya chini imelowa, na mchirizi umeshuka hadi kwenye gia boksi. Mzee akacheka kwa furaha kabisa, akasema ni o-ringi. Ni kipete cha mpira kinachokaa shingoni mwa distribyuta. Kikizeeka kinakakamaa na oili inapita. Akachora alama kwa msumari, nusu kwenye distribyuta na nusu kwenye injini, ili taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, isihame wakati wa kuirudisha. Akaifungua, akanionesha kile kipete. Kilikuwa kigumu kama plastiki, na alipokikunja kilivunjika mkononi. Kipya kilinigharimu shilingi 4,000, na yeye nikampa 15,000 na kikapu cha machungwa, ingawa pesa alitaka kuikataa.

Dawa ilibaki kama robo ya chupa. Naihifadhi kwenye chupa yake yenyewe, juu ya kabati, nikiwa nimebandika maandishi makubwa ya SUMU kwa Kiswahili juu ya lebo ya Kiingereza. Nitainunua tena, nadhani mara moja kwa mwaka baada ya mvua za masika, na sitairuhusu tena mashine ya presha karibu na boneti hii. Kwa mwenye gari jipya lenye koili juu ya kila plagi na soketi kila kona, ningemshauri apunguze maji hata kuliko mimi: dawa kwenye kitambaa, kisha kufuta, bila kumimina kabisa.

Leo ni wiki ya tatu. Kila usiku nalaza kipande cha boksi chini ya injini. Madoa ya zamani nimeyazungushia kalamu, na kila alfajiri kabla ya kuelekea Muheza nakichungulia kwa tochi ya simu. Hakuna tone jipya.